Yasiyoonekana

Mwenye macho haambiwi tazama, wasema wahenga. Lakini Frédéric Bastiat, mwanauchumi wa Kifaransa, aliandika mwaka 1850 kwamba yapo mambo ambayo hata mwenye macho yampasa aambiwe. Kioo cha dirisha kikivunjwa, kila mtu humwona fundi vioo akipata riziki. Hakuna amwonaye mshona viatu aliyekosa mteja, wala kitabu ambacho mwenye nyumba angekinunua kwa fedha zile zile.

Kutokana na fikra hiyo Amit Varma, mwandishi wa India, aliipa jina podikasti aliyoianzisha mwaka 2017: The Seen and the Unseen. Kabla ya hapo alikuwa amepita njia nyingi. Aliandika habari za kriketi, na Desemba 2004 akafungua blogu, India Uncut. Mwezi huo huo, tarehe 26, bahari ikaivamia nchi kavu. Varma akaenda Tamil Nadu, akaandika aliyoyashuhudia miongoni mwa waliopotelewa na nyumba na ndugu. Bahari ni hii hii moja: mawimbi ya siku ile yaliua watu Somalia na hata Tanzania.

Mwaka 2007 alipata tuzo yenye jina la Bastiat, akaipata tena 2015. Katikati ya tuzo hizo alitoa riwaya, My Friend Sancho (2009), kisa cha mwandishi wa habari wa Mumbai na binti wa mtu aliyeuawa na polisi. Kisha kwa miaka kadhaa akaishi kwa kucheza karata.

Podikasti ilianza kwa mazungumzo mafupi, ikarefuka hata yakafika saa tano na zaidi. Mgeni aliyepewa dakika ishirini hutoa majibu aliyokwisha kuyakariri. Aliyepewa alasiri nzima hurejea utotoni, husita, hujisahihisha. Na mwenyeji hujifunza kunyamaza.

Hapo ndipo mizani ya Bastiat inapomgeukia Varma mwenyewe. Mazungumzo yanasikika, riwaya ambazo huenda saa hizo zingezizaa hazionekani. Anayeamini kwamba kitabu ndicho kilele cha kazi ya mwandishi ataiona hasara tupu. Lakini mshairi wa pwani, ambaye utenzi ulimfikia kwa sikio kabla ya karatasi, hatakuwa mwepesi wa kuhukumu.