Neno Lisilosikika Vizuri

Kazi yangu ni kusikiliza sauti za waganga zilizorekodiwa na kuziandika kwenye fishi za wagonjwa. Wengine husema Kifaransa mbio mbio. “Ipotansio” ni tansio kushuka; “ipertansio” ni tansio kupanda. Tofauti ni sauti ndogo tu, lakini dawa ya huyu yaweza kumuua yule. Neno lisiposikika, narudia, kisha natazama namba alizotaja: 80 kwa 50 si tansio iliyopanda. Nisipokuwa na hakika, naacha nafasi wazi na kumwuliza mganga mwenyewe. Sibahatishi. Nanyi, mkitajiwa ugonjwa kwa neno msilolielewa, msiitikie tu. Mwombeni mganga alirudie, aliandike, alieleze kwa Kiswahili.