Wanavajo: watu watakatifu wa mchanga waingia kwenye karatasi

Kusini-magharibi mwa Marekani, katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah, wanaishi Wanavajo. Wenyewe hujiita Diné, maana yake watu. Kwao, mgonjwa akihitaji ibada ya kuponywa, mganga humwaga mchanga wa rangi sakafuni, ndani ya nyumba ya miti na udongo iitwayo hogan, na kwa vidole vyake huchora watu watakatifu wanaoitwa Yei. Ni warefu na wembamba. Mara nyingi mwanaume ana kichwa cha mviringo na mwanamke kichwa cha pembe nne. Upinde wa mvua huwazunguka pande tatu. Upande wa mashariki huachwa wazi. Mgonjwa huketishwa juu ya mchoro na kupakwa mchanga ule mwilini. Kisha mchoro wote hufutwa na mchanga kupelekwa nje. Haulali.

Hapo ndipo penye ugumu kwa wachoraji wa leo wanaotengeneza picha za kuchapwa. Picha ya chapa hufanywa ili ibaki, tena ziwe nyingi. Katika kazi ya litografia, mchoraji huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, huloanisha jiwe kwa maji, halafu hupitisha wino. Wino hushika penye mafuta na kukataa penye maji. Karatasi hubanwa juu yake, ya kwanza, ya pili, hata ya hamsini. Kila moja hupewa namba na kuuzwa. Basi Yei aliyepaswa kuondoka ibada ikiisha, sasa ananing'inia ukutani kwa mtu asiyejua hata kumwita.

Ugomvi huu ulianza kabla ya picha za chapa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Hosteen Klah, aliyekuwa mganga na pia mfumaji, alifuma mazulia makubwa yenye michoro ile ya mchanga. Watu waliogopa kwamba angepata upofu. Yeye aliendelea, akifanya ibada za kujikinga pamoja na wapwa wake waliofuma naye. Aliona kwamba elimu yake haina wa kuirithi. Kwa hiyo alishirikiana na mama mmoja tajiri, Mary Cabot Wheelwright, kuihifadhi, na jumba la makumbusho likafunguliwa mjini Santa Fe mwaka wa 1937, mwaka uleule Klah alipofariki.

Wakimbizi wa ndani wataelewa hofu hiyo upesi kuliko watalii wanaonunua picha. Mwaka wa 1863 na 1864, jeshi la Marekani chini ya Kit Carson lilichoma mashamba na nyumba za Wanavajo, likakata miti ya matunda katika bonde la Canyon de Chelly, kusudi njaa iwatoe mafichoni. Maelfu walitembezwa kwa miguu zaidi ya kilomita 400 hadi Bosque Redondo. Wengi walikufa njiani na kambini. Walikaa huko mpaka mkataba wa tarehe 1 Juni 1868 ulipowaruhusu kurudi kwao, bahati ambayo makabila mengi ya wenyeji wa Marekani hayakuipata. Mtu anayekimbia na mtoto mgongoni habebi vitu vya ibada vyote. Anabeba vilivyo kichwani. Mzee akifia kambini, vinazikwa naye.

Kati ya Wanavajo waliofanya chapa, anayejulikana sana ni R.C. Gorman, aliyezaliwa mwaka wa 1931 na kujifunza litografia huko Mexico. Sifa yake ilitokana zaidi na picha za akina mama waliojifunika blanketi kuliko za Yei. Melanie Yazzie, aliyezaliwa mwaka wa 1966, anafundisha uchapaji katika Chuo Kikuu cha Colorado, na chapa zake zimejaa wanyama, mimea na kumbukumbu za nyumbani. Hakuna anayeweza kusema hao si Wanavajo wa kutosha kwa kuwa hawakujaza karatasi miungu.

Na anayetaka kumchora Yei mwenyewe? Wafumaji, na wale waliobandika mchanga kwenye mbao kwa gundi ili wauze, walipata njia: hubadilisha rangi, hupunguza kitu fulani, huacha sehemu isiyomalizika, ili picha ya kuuza isiwe ile inayoponya. Njia hiyo iko wazi pia kwa mwenye jiwe na wino. Mnunuzi anaweza kudhani mchoraji amekosea. Mzee wa kabila akiitazama, ataona kilichoondolewa na kwa nini.

Vitu vingine vimerudi kwa wenyewe. Mwaka wa 1977 jumba lile la Santa Fe lilirudisha kwa Wanavajo mafurushi ya dawa za ibada, yakabaki mazulia na picha.

Jiwe la litografia nalo halihifadhi mchoro. Karatasi zikishatosha, mchapaji hulimwagia maji na chembechembe kali kama mchanga, husaga uso wake kwa kuzungusha chuma kizito, mpaka mtu aliyechorwa pale aishe kabisa na jiwe libaki jeupe.