Tuupime Mradi Unaoleta Kazi



Mradi wa kazi unapofika kijijini, kitu cha kwanza tunachoambiwa ni idadi. Watu kadhaa wamepata kazi. Tunapiga makofi, tunarudi nyumbani. Idadi hiyo yaweza kuwa ya kweli, lakini haitoshi. Haisemi watu hao walifanya kazi siku ngapi. Haisemi walibaki na nini kazi ilipokwisha. Wala haisemi ni nani aliyefika akarudishwa.

Wewe sasa unajua kusoma na kuhesabu. Basi unaweza kuupima mradi wewe mwenyewe, bila kumngoja mgeni aje na gari.

Tuchukue mfano. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Moja ya kazi zake imekuwa kuzipatia kaya maskini ajira za muda, kama vile kuchimba lambo, kutengeneza barabara ya kijiji au kupanda miti. Katika awamu iliyozinduliwa Februari 2020, malipo yalipangwa kuwa shilingi 3,000 kwa siku. Kaya ilifanya kazi siku 10 kwa mwezi, kwa miezi 6.

Chukua kalamu. Siku 10 mara miezi 6 ni siku 60. Siku 60 mara shilingi 3,000 ni shilingi 180,000. Sasa gawanya kwa siku 365 za mwaka. Utapata shilingi 493 kwa siku. Hizo ni za kaya nzima, si za mtu mmoja.

Usiharakishe kusema ni kidogo. Fedha hizo zikija wakati ghala ni tupu, zaweza kumwokoa mbuzi wa mwisho asiuzwe. Lakini usiharakishe pia kusema kwamba umaskini umekwisha. Tena uliza kazi ilikuja lini. Kazi ya lambo ikiangukia wakati wa palizi, mtu atapokea shilingi 3,000 huku majani yanamla mahindi shambani. Mimi naona swali hili la wakati ni kubwa kuliko lile la kiasi, na ni nadra kulisikia mkutanoni.

Tulipofanya hesabu hii darasani hapa Nakwa, mama mmoja alinyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, mwaka ule mvua ilikuwa nzuri. Jirani yangu hakuwamo kwenye mradi, mbona naye alinunua mabati?"

Darasa zima lilicheka. Lakini swali lake ndilo linalowasumbua wataalamu. Tutajuaje kilicholetwa na mradi, na kile ambacho kingekuja tu?

Mkulima anajua njia. Ukitaka kuijua mbolea, unapanda mahindi ya mbegu moja, siku moja, katika shamba moja. Upande mmoja unatia mbolea, upande wa pili hutii. Mvua inanyesha pande zote mbili. Tofauti utakayoiona wakati wa mavuno ndiyo ya mbolea.

TASAF ilifanya jaribio kama hilo katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vilichukuliwa vijiji 80. Kwa bahati nasibu, vijiji 40 vilianza kupata fedha mwaka 2010, na vijiji 40 vikangoja. Huko fedha zilikuwa ruzuku, si ujira, lakini namna ya kupima ni ile ile. Kaya za pande zote mbili zilihojiwa kabla ya fedha kufika, kisha zikahojiwa tena baadaye. Kaya zilizopata fedha zilionekana kuwa na mbuzi na kuku zaidi. Watoto wao pia walikuwa na viatu zaidi.

Labda utasema kuwangojesha wengine si haki. Fedha zisipotosha wote, nani aanze? Afadhali bahati nasibu kuliko kujuana.

Sasa tuwatazame waliokosa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu, wasipungue 3 katika kila 100. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024.

Sheria ni nzuri. Lakini katika kijiji kimoja nilikofanya kazi, niliona mradi wa kuchimba mtaro ukiandikisha watu. Kijana mmoja anayetembelea magongo alifika mapema na mama yake. Karani alimtazama miguu, akaita, "Anayefuata!" Baadaye taarifa ilisema kwamba mradi umeyafikia makundi yote. Kijana yule alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wengi wetu. Daftari la mahudhurio liliandikwa na mtu aliyeletwa kutoka mjini.

Darasani Nakwa tumechora safu nne: jina, siku za kazi, fedha zilizopokewa, na kitu kilichopo nyumbani miezi 6 baada ya kazi kwisha. Safu ya nne inachelewa kujaa, na watu huiona inachosha. Ndiyo ninayoipenda mimi.

Kisha bibi mmoja akataka tuongeze ukurasa wa waliokosa, kila mmoja aandike sababu kwa mkono wake. Ukurasa huo ulijaa siku ile ile. Mmoja ameandika, "Nilikuwa na mtoto mchanga." Mwingine, "Nilikuwa namuuguza mume wangu." Na mwanzoni kabisa, kwa herufi kubwa zilizopinda, bibi mwenyewe ameandika: "Tangazo lilibandikwa. Sikujua kusoma."