Waimbaji wa Ziwa Kivu

Mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, umejengwa ufukweni mwa Ziwa Kivu upande wa kaskazini, ukipakana na Goma ya Kongo. Ziwa hilo liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake chakaribia mita 480. Ng'ambo ya mpaka umesimama mlima Nyiragongo, uliolipuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Katika mazingira hayo limezaliwa kundi la waimbaji lisilo na jukwaa, kiingilio wala mfadhili: wavuvi wa sambaza.

Sambaza ni samaki wadogo, jamaa ya dagaa, walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Usiku hufuata mwanga, na kwa sababu hiyo wavuvi hutoka jua linapokuchwa. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikawashwa, na wavu ukateremshwa majini.

Chombo cha namna hiyo hakiendi kwa nguvu za mtu mmoja. Makasia yasipokwenda pamoja, mtumbwi mmoja huvuta mbele na mwingine hubaki nyuma. Ndipo mmoja hutoa wimbo, wenzake wakaitikia, na makasia yakafuata mapigo yake. Askari aliyepata kupiga kwata hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 2014 shule ya muziki ilifunguliwa Nyundo, si mbali na mji huo. Hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, wimbo wa wavuvi kijana huupokea akiwa ameshika kasia, si kalamu. Siku injini itakaposhika nafasi ya makasia jasho litapungua, wala hakuna atakayemlaumu mvuvi. Lakini wimbo utakuwa umekosa kazi. Yafaa basi nyimbo hizo zihifadhiwe mapema, pamoja na majina ya waimbaji, nao wapate haki yao.

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Gisenyi, nenda ufukweni jioni ukasikilize. Kesho yake asubuhi, nunua sambaza uwapelekee watoto. Wakikaangwa vizuri huliwa na miiba yake. Hicho ndicho kiingilio ambacho waimbaji hao hawakukudai.