Kukwama Thelujini na Karatasi ya Mlangoni mwa Friji

Pikipiki ya theluji ni chombo cha injini chenye skii mbili mbele na mkanda mpana wa mpira chini yake, na humfikisha mtu mahali ambapo miguu yake haiwezi kumrudisha kabla ya usiku. Ile ya milimani ina uzito wa zaidi ya kilo 200. Kwenye njia iliyoshindiliwa inaweza kupita kilomita 100 kwa saa, kwa hiyo kilomita 30 kutoka kwenye maegesho ni mwendo wa chini ya saa moja. Kilomita hizo hizo kwa miguu, theluji ikiwa ya kiunoni, ni kazi ya siku nzima na zaidi. Kukwama kunakozungumzwa hapa kunatokana na tofauti hiyo: chombo kimezima au kimezama, barabara iko nyuma ya mlima, simu haina mtandao, na jua la Disemba katika milima ya British Columbia, Kanada, linazama karibu saa kumi jioni.

Historia ya chombo hiki nayo ina msiba wa kukwama ndani yake. Mwaka 1934, katika mji mdogo wa Valcourt, Quebec, mtoto wa miaka miwili wa fundi Joseph-Armand Bombardier aliugua tumbo wakati barabara zimefungwa na theluji. Hospitali haikufikika, na mtoto akafariki. Fundi huyo, ambaye tangu ujana alikuwa akihangaika na mashine za kupita juu ya theluji, alipata hataza ya mfumo wake wa mkanda mwaka 1937, akaanzisha kampuni mwaka 1942, na mwaka 1959 akatoa Ski-Doo, pikipiki nyepesi ya mtu mmoja au wawili. Aliyewahi kumpeleka mgonjwa zahanati kwa bodaboda usiku wa masika haelezwi zaidi. Katika eneo la Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako miji na vijiji 25 havijaunganishwa kwa barabara, chombo hiki ni bodaboda kweli: kinakwenda kuwinda, kinakwenda dukani, kinapeleka watoto kwa bibi yao.

Wahamiaji kutoka Afrika Mashariki hukutana nacho zaidi kwa mwaliko. Mfanyakazi mwenza anasema Jumamosi twende mlimani. Pikipiki inakodiwa, koti na helmeti vinaazimwa. Hatari inaanzia hapo, kwa sababu aliyealikwa hujiona mgeni, na mgeni hapangi safari. Hajui ramani, hajui mafuta yaliyobaki, na pengine hajui jina la bonde alimo.

Sababu ya kwanza ya kukwama ni theluji yenyewe. Ikianguka kwenye baridi kali huwa kavu na laini kama unga wa sembe. Pikipiki inayotembea huelea juu yake. Ikisimama, hasa kwenye mwinuko, huzama. Anayeanza hukaza mafuta, mkanda unachimba, na kwa sekunde chache mashine imekaa ndani ya shimo ililolichimba yenyewe, pua juu, kiti usawa wa theluji. Dereva yeyote aliyepita kwenye udongo mweusi wakati wa mvua analijua kosa hili, na dawa ni ile ile: kuacha mafuta mapema. Kisha beleshi. Theluji inaondolewa mbele ya skii na chini ya mahali pa kukanyagia, inashindiliwa kwa miguu kuwa kama kigongo kigumu, mashine inalazwa ubavu juu yake, inageuzwa ielekee mteremkoni, ndipo injini inapewa mafuta taratibu huku mmoja akivuta skii. Mtu aliyezoea humaliza kwa dakika kumi. Asiyezoea huchimba saa nzima na kulowa jasho, na jasho hilo ndilo linalomgeukia baadaye, kwa maana fulana ya pamba ikishalowa hubaki imelowa na kunyonya joto la mwili. Wenyeji huvaa sufu ndani, au nguo za nyuzi za viwandani zinazokauka upesi.

Zipo sababu nyingine. Theluji laini hula mafuta kuliko njia iliyoshindiliwa, kwa hiyo tangi lililotosha wiki iliyopita halitoshi leo. Beliti inayopeleka nguvu ya injini kwenye mkanda hukatika, na asiyebeba ya akiba safari yake imeishia hapo. Ziwani, maji hupanda juu ya barafu na kujificha chini ya theluji. Pikipiki ikizama kwenye uji huo na kuachwa, huganda pamoja nao. Chini ya misonobari mikubwa, matawi huzuia theluji isijae kuzunguka shina, likabaki shimo lisiloonekana ambalo mtu huingia kichwa chini.

Poromoko la theluji linastahili maelezo yake, maana linagongana na malezi ya nyumbani. Tarehe 28 Disemba 2008, karibu na Fernie, British Columbia, wanaume 11 waliokuwa kwenye pikipiki za theluji walipatwa na poromoko. Waliosalia juu walipokuwa wakiwafukua wenzao, likashuka jingine. Wanane walikufa. Mafunzo ya milimani yanasisitiza kwamba kwenye mteremko anapanda mmoja tu, wengine wanasimama mahali salama wakimtazama, na huyo mmoja akikwama juu, mwenzake hapandi kumsaidia, kwa sababu uzito na mtikiso wa mashine ya pili unaweza kuukata mteremko wote. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo gari likikwama abiria wote wanashuka kusukuma, na asiyesukuma anaonekana ana roho mbaya, sheria hii ni chungu. Kusimama pembeni na kumwangalia ndugu akihangaika na beleshi kunauma. Lakini mguu unapaswa kukaa palepale, na mkono uwe tayari na vitu vitatu ambavyo kila mmoja hubeba mwilini wala si kwenye pikipiki: kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na beleshi. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri katika dakika kumi hivi za mwanzo, na baada ya hapo nafasi hiyo inaporomoka. Helikopta haiwahi. Wanaowahi ni waliokuwa naye.

Nyumbani kukwama ni shughuli ya watu. Lori la Fuso likilala kwenye mlima wa Kitonga, Tanzania, kabla dereva hajafungua boneti wameshafika vijana, mwenye kuweka jiwe nyuma ya tairi, mwenye kukata majani ya kuwaonya wanaokuja, na mama mwenye mahindi ya kuchoma. Porini kwenyewe, moshi ukifuka, mchungaji anatokea. Pwani hupigwa ukunga, Usukumani mwano, Kenya nduru, na anayesikia anatoka mbio bila kuuliza. Mfumo huu hauna ofisi, na ni mzuri kuliko wenyewe wanavyoujua. Ila unahitaji masikio karibu, na theluji hula sauti. Mtu anaweza kupiga yowe mita mia kutoka kwa mwenzake kwenye msitu uliojaa theluji mpya asisikike. Ndiyo maana hupulizwa filimbi mara tatu, kisha kimya, kisha tatu tena. Amerika ya Kaskazini ishara yoyote ikija mara tatu ina maana ya kuomba msaada.

Usiku ukiingia kabla ya msaada, kanuni ni kubaki na chombo. Kutoka angani pikipiki nyekundu huonekana, mtu anayetembea kati ya miti haonekani. Tena ni ghala: kiti cha sponji kiking'olewa kinakuwa godoro la kumtenga mtu na theluji, kioo cha pembeni kinamulika, petroli kidogo kwenye kitambaa inawasha kuni mbichi. Theluji ile ile inayoua ndiyo inayohifadhi. Ndani ya pango dogo lililochimbwa humo, lenye mlango wa chini na tundu la hewa, hali hukaa karibu na nyuzi 0 hata kama nje ni nyuzi 25 chini ya sifuri. Theluji hailiwi kwa kiu, kwa kuwa kuiyeyusha kinywani ni kutumia joto la mwili. Hutiwa kwenye chupa na kuyeyushwa kwa moto. Simu huwekwa kifuani ndani ya nguo, maana baridi humaliza betri. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu hutetemeka, hujikwaa, ulimi unakuwa mzito. Kutetemeka ni dalili kwamba mwili bado unapigana. Kukikoma huku mtu hajapata joto, hali imekuwa mbaya, na wapo wanaoanza kuvua nguo wakihisi wanaungua. Mwenzake akiona hivyo amvishe, amkumbatie na asimwache aende.

Lakini yote hayo ni ya kuvuta muda. Kinachomtoa mtu mlimani huandikwa kabla ya safari. Ni karatasi moja: majina, idadi ya pikipiki na rangi zake, rangi za makoti, gari limeegeshwa wapi, njia ya kwenda na ya kurudi, saa ya kurudi, na saa ambayo, ikipita bila habari, polisi wapigiwe. Katika nyumba ya familia moja ya Kitanzania huko British Columbia karatasi hiyo hukaa mlangoni mwa friji, chini ya sumaku. Mama mzazi, aliyekwenda kutoka Tanga kumlea mjukuu, aliisoma asubuhi moja akasimama nayo mkononi. "Mwanangu, huu uchuro wa nini? Unaandika kwamba hurudi?" Mwanawe akajibu, "Hapana mama, naaga."

Jibu hilo ni sahihi kuliko lilivyo fupi. Kuaga ni wajibu nyumbani. Atokaye bila kuaga hutafutiwa neno. Ila kuaga kwenyewe kumebaki nusu. Mtu husema "natoka mara moja," akarudi saa nne usiku. Akiulizwa kwenye simu yuko wapi, yuko njiani. Njia haitajwi, saa haitajwi, na safari kubwa hufichwa kabisa kwa kuhofia kijicho. Na kutaja ajali kabla haijatokea ni kuiita. Tabia hii haikuleta madhara makubwa kwa sababu barabara za nyumbani hutunza kumbukumbu zenyewe: muuza genge alimwona, fundi baiskeli alimsalimia, kijana wa kijiweni anakumbuka kwamba alipita saa nane na pikipiki nyekundu akielekea mtoni. Mlimani Kanada hakuna kijiwe. Karatasi ile inashika nafasi ya muuza genge na fundi baiskeli, na asiyeiandika amejiondolea mashahidi wote. Inasikitisha kuona watu wazima, wenye familia, wakienda bondeni wiki baada ya wiki wakiwa wameacha nyumbani neno "mlimani" peke yake.

Saa iliyoandikwa ikipita, utafutaji huenda kwa mpangilio. Anayesubiri nyumbani hupiga 911. Polisi huita kikundi cha uokoaji cha eneo hilo, na British Columbia ina vikundi karibu 80, vyote vya watu wa kujitolea: mwalimu, muuguzi, fundi bomba, wanaoacha chakula mezani na kutoka usiku bila malipo. Anayeokolewa hatozwi, na vikundi hivyo vimelitetea jambo hilo kwa hoja kwamba mtu akiogopa bili atachelewa kupiga simu. Si kila mahali ni hivyo. New Hampshire, Marekani, sheria inaruhusu kumdai gharama aliyezembea. Vifaa vya setilaiti vimefupisha kazi. Mfumo wa Cospas-Sarsat, unaopokea ishara za dharura kutoka popote duniani, uliokoa watu wake wa kwanza Septemba 1982, nao walikuwa katika milima ya British Columbia hiyo hiyo baada ya ndege yao ndogo kuanguka. Tangu Novemba 2022 zipo hata simu za kawaida zinazoweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti. Hata hivyo kifaa huzama na mwenye nacho, huishiwa betri, huachwa ndani ya gari. Kwa roho ya kazi, waokoaji hawa wa kujitolea wako karibu na wapagazi wa Kilimanjaro wanaomshusha mgonjwa usiku kwenye machela ya gurudumu moja, mikono sita ikishika, wakiimbiana kupunguza uchovu. Wale wa Kilimanjaro wanastahili kutajwa zaidi ya wanavyotajwa.

Hatua ya mwisho husahaulika kuliko zote: kutoa taarifa ya kurudi. Aliyefika salama akalala bila kupiga simu huwatoa watu kwenye vitanda vyao kumtafuta bondeni ambako hayupo. Katika nyumba ile, kazi hiyo sasa ni ya mama kutoka Tanga. Saa kumi na mbili jioni huvuta kiti karibu na dirisha la jikoni. Taa za gari zikiingia uani husikiliza kwanza milango mingapi inafunguliwa, akahesabu sauti, ndipo anapoiondoa karatasi kwenye sumaku na kuikunja mara nne.