Mfupa Hauungwi kwa Saruji

Ndugu zangu wa Lindi, salaam kutoka Berlin.

Picha aliyonitumia mdogo wangu juzi imeninyima usingizi. Alikuta mfupa uliogeuka jiwe chini ya mkorosho wake, jembe likaupasua. Akavisugua vipande kwa brashi ya waya na sabuni, kisha akaviunga kwa saruji. “Kaka, umekuwa mzima!” Nakupenda, mdogo wangu, na bidii yako naijua tangu utotoni. Lakini hapo umeharibu.

Huku, kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde, amesimama dinosaria wetu wa Tendaguru, Giraffatitan, kimo chake mita 13.27. Kati ya 1909 na 1913 babu zetu, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, walimfukua yeye na wenzake, wakaibeba mifupa mwendo wa siku nne hadi bandarini Lindi: zaidi ya tani 200! Ukimtazama utadhani ni mzima. Kumbe ameunganishwa kutokana na wanyama kadhaa, na pingili za shingo na mgongo ni za kuigiza, maana zile zenyewe ni nzito na dhaifu mno kutundikwa.

Nimewahi kumtazama fundi wa mifupa kazini. Vipande vingine vilikuwa vidogo kama punje za mtama, na kila kimoja kina namba yake. Kutwa nzima alisafisha sehemu isiyozidi kiganja. Mfupa unaomomonyoka huunywesha gundi iliyoyeyushwa kwa asetoni. Akikosea, asetoni ileile huiachilia. Pengo hulijaza kwa rangi inayokaribiana na ya mfupa bila kufanana nayo kabisa, ili atakayekuja ajue kipi cha mnyama, kipi cha fundi. Hata tundu ni habari. Dinosaria Shingopana wa kule Songwe, aliyetangazwa 2017, mifupa yake ilitobolewa na wadudu baada ya kufa. Ingepakwa saruji, nani angejua?

Huku gundi nzuri ni ile inayokubali kuachia. Kwetu tunamsifu fundi ambaye kazi yake haifunguki tena! Hata misikiti ya kale ya matumbawe tunaipiga lipu ya saruji, unyevu unanaswa ndani, ukuta unaoza tukiutazama. Inaniuma.

Basi nisikilizeni. Ukiona mfupa wa jiwe, weka jembe chini. Usioshe, usisugue, usiunge. Piga picha, kiberiti kikiwa pembeni ili ukubwa uonekane. Andika mahali ulipo, funika, umwite mwenyekiti wa kijiji awaarifu watu wa mambo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka utoe taarifa. Na usimuuzie mtu.

Wewe mdogo wangu, kilichogandana kiache hivyo hivyo, usikiguse kwa nyundo. Yale makombo uliyoyaona uchafu yaokote yote, uyatie kwenye kopo kavu. Halafu unijibu leo hii: ulipoukuta, ulikuwa umelalia upande gani?