Mtambo Tulioufunika kwa Shuka

Kurasa za namna hii huandikwa sana juu ya makosa ya vijana. Leo twaomba ruhusa tuandike juu ya kosa la mtu mzima, na mtu mzima huyo ni sisi.

Madrasa ya mtaa wetu ilipewa wakfu, mwaka 2019, mtambo wa kukatia mbao kwa leza, ili vijana wakubwa wajifunze kazi kwa kutengeneza marufaa na visanduku vya kuwekea misahafu. Ufunguo wa chumba na fedha za matumizi tulikabidhiwa sisi. Kazi ilikwenda vizuri miaka miwili, kisha siku moja mwaka 2021 mtambo ukakataa kutoa mwale. Kijana aliyekuwa akiushughulikia tulimwambia mbele ya wenziwe kwamba ameunguza bomba kwa pupa yake ya kukata mbao nene. Hakujibu neno, wala hakurudi tena. Tukaufunika mtambo kwa shuka, tukafunga mlango, na miaka mitatu ikapita.

Kilichotufungulia mlango ule si toba. Alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu akataja bei. Na kwa kuwa mali ya wakfu haiuzwi ovyo kama mali ya mtu, tukaona heri tuhakikishe kwanza kama mtambo umekufa kweli. Tukamwita binti wa jirani yetu aliyesomea umeme.

Jambo la kwanza alilofanya ni kung'oa plagi ukutani. “Ami, usitie mkono,” alituambia, kwani ndani ya mtambo ule mna umeme wa maelfu ya volti, na huweza kubakia humo hata baada ya kuzimwa. Kisha akatueleza. Leza ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960 na Theodore Maiman. Na hii ya aina yetu, itumiayo hewa ya kabonidayoksaidi ndani ya bomba la kioo, ilibuniwa mwaka 1964 na Kumar Patel, mzaliwa wa Bara Hindi. Mwale wake hauonekani kwa jicho, na hiyo ndiyo hatari yake. Hutoka nyuma ya mtambo ukapiga kioo cha kwanza, cha pili na cha tatu, kisha hushuka katika lenzi inayoukusanya uwe mwembamba kama ncha ya sindano. Hapo tukamtajia Ibn al-Haytham wa Basra, ambaye yapata miaka elfu iliyopita aliandika katika Kitab al-Manazir juu ya mwanga unavyorudi upigapo kioo. Twakiri tulilitaja jina hilo kwa fahari, maana ndilo jambo pekee tulilolijua sisi siku ile.

Reli za chuma zilishika kutu, kama kila chuma cha pwani kisichopakwa mafuta. Lenzi ilikuwa na utando wa moshi, akaufuta taratibu kwa pamba na spiriti. Lakini huo haukuwa ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa katika maji.

Bomba lile hupata joto, nalo hupozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu. Njiani mwa maji ipo swichi ndogo. Maji yakisimama, swichi huuzuia mtambo usitoe mwale, ili bomba lisipasuke. Ndoo yetu ilikuwa imekaa chini ya dirisha, juani, na maji yake yakafanya koga la kijani lililoziba mipira na kuinasa swichi. Bomba halikuungua. Mtambo ulikataa kuwaka kwa sababu ulikuwa ukijihifadhi.

“Ami, haya yalikuwa maji gani?”

Tukasema, ya mfereji. Akatikisa kichwa. Yatakiwayo ni maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, yauzwayo katika maduka ya betri za magari.

Katika mtoto wa meza tulikuta daftari la yule kijana. Mara mbili alikuwa ameandika ombi la fedha za kununulia maji hayo, na bei ameitaja, ambayo haikufika hata bei ya kilo mbili za sukari. Chini ya ombi la pili palikuwa na maneno matatu kwa mwandiko wetu wenyewe: “Maji ni maji.”

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya siku nne. Mipira mipya, swichi mpya, ndoo yenye kifuniko iliyowekwa kivulini. Kupanga vioo ndiko kulikochukua muda: kipande cha karatasi hubandikwa mbele ya kioo, mwale ukapigwa mara moja tu kwa nguvu ndogo, kikatazamwa kitone kilichoungua, kisha husogezwa kichwa cha mtambo mpaka mwisho wa reli, mwale ukapigwa tena, mpaka vitone viwili viangukie mahali pamoja. Binti alitukataza pia tusikate plastiki ya PVC kabisa, kwa kuwa moshi wake una sumu iumizayo mapafu na kula chuma. Bomba lenyewe limepungua nguvu kwa kukaa. Ubao wa milimita 3 uliokuwa ukikatwa kwa mpito mmoja, sasa wataka miwili.

Marufaa ya kwanza ilipotoka, vijana walipiga takbiri. Sisi tulitoka nje.

Yule kijana sasa hutengeneza simu sokoni. Tulifikiri kumwita nyumbani tuzungumze faragha, kisha tukaona haya: tulimfedhehesha mbele ya watu, tena tumtake radhi mafichoni? Tukaenda baada ya alasiri, wateja wake wamejaa, tukasema yote kwa sauti ya kusikika, tena tukawataja wale wenziwe waliokuwapo siku ile, kwamba nao tutawaambia.

Hakuinua uso kwa muda mrefu. Alimaliza kukaza skrubu ya simu aliyoishika, akaifuta, akampa mwenyewe. Kisha akatuuliza:

“Maalim, safari hii mmetia maji gani?”